Mdogo wangu kaacha shule kidato cha pili, yuko mwaloni: nimrudishe, nimpeleke VETA au nimwache atafute hela?

Swali: Naishi Geita, nina saluni ndogo ya kusuka. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, kaacha shule kidato cha pili tangu mwezi wa tatu, sa hivi mwezi wa kumi yuko mwaloni, pale wanaposaga na kuosha mawe ya dhahabu, anabeba viroba vya mawe kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) na kuosha marudio, yaani mchanga uliobaki. Darasa la saba alifaulu vizuri tu. Baba alishafariki, mama ni mkulima. Nikimwambia arudi shule anasema shule haina kitu, waliomaliza fomu foo wote wako naye hukohuko mwaloni. Nimrudishe kwa nguvu, nimpeleke VETA au nimwache? Ukweli hata mimi sijui nimjibu nini.

Jibu:

Dada, pole na hongera pia, maana wengi mdogo wao akishaanza kushika hela wanakaa kimya. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye elimu ya watu wazima na kwa vijana walio nje ya shule, na swali lako ndo swali nililoulizwa kuliko yote, kwahiyo nitakujibu moja kwa moja halafu nieleze sababu. Mrudishe shule Januari hii, kidato cha pili hichohicho, ikiwezekana shule tofauti na ile aliyoacha. Akigoma kabisa hata baada ya kusikilizwa vizuri, apelekwe ufundi huku anasoma jioni kwa ajili ya QT (mtihani wa maarifa kwa wasiofanya upimaji wa kidato cha pili) na baadae mtihani wa fomu foo. Kubaki mwaloni hapana. Kwa miaka 16 hilo tusilijadili hata kidogo.

Tuanze na kwanini aliacha, coz hapa ndo familia nyingi zinapita haraka mno. Ukiangalia takwimu za serikali kila mwaka sababu kubwa ya wanafunzi kuacha shule inaandikwa utoro, lakini utoro sio sababu, utoro ni kile mwalimu anachoweza kuandika kwenye daftari la mahudhurio. Nyuma ya huo utoro kuna kitu. Na mtoto haachi shule siku moja, anaanza kukosa Ijumaa, halafu Jumatatu na Ijumaa, halafu anakuja asubuhi saa nne anatoroka, halafu wiki nzima, na muda wote huo kama hakuna mtu wa shule aliyepiga simu nyumbani na nyumbani hakuna aliyeenda shule kuuliza, yeye anapata jibu moja tu kwamba hata asipokuwepo hakuna anayemtafuta. Kwahiyo mwulize, ila usimwulize kwanini umeacha, atakujibu nimechoka au shule haina maana. Mwulize ilikuaje wiki ya kwanza aliyoanza kukosa, somo gani lilikuwa la kwanza kumshinda, ni mwalimu gani yeye alikuwa anamwogopa, alikuwa anakula nini mchana, alikuwa anakaa na nani darasani na huyo mwenzake yuko wapi sa hivi.

Nina wasiwasi mkubwa kwamba kwake ni Kiingereza. Nasema hivyo kwasababu umeandika darasa la saba alifaulu vizuri. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kimegeuka, baiolojia, jiografia, historia, vyote kwa lugha ambayo yeye aliijua kama somo moja la vipindi vichache. Shule nyingi zinafanya kozi ya wiki kadhaa ya kuwazoesha na nyingine hazifanyi kabisa. Yule aliyekuwa anajibu maswali darasani anageuka bubu, ndani ya miezi mitatu ameshaanza kuamini kwamba yeye hana akili, na hicho ndo kinachouma kuliko viboko. Kuna kipimo rahisi unaweza kukifanya leo jioni: chukua madaftari yake ya mwaka huu na mwaka jana. Ukikuta mwandiko mzuri, notisi zimekopiwa zote ubaoni, halafu ukimwambia nieleze ukurasa huu unasema nini anashindwa, basi mdogo wako hakuwa mvivu, alikuwa anakaa darasani akinakili vitu asivyovielewa kwa zaidi ya mwaka. Mtu mzima gani angevumilia hiyo kazi? Mpe pia hadithi ya Kiswahili ya darasa la tatu au la nne aisome kwa sauti. Akisoma vizuri tatizo ni lugha ya kufundishia, akigugumia tatizo ni kubwa zaidi, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) haikukaa tangu chini na hapo msaada unaotakiwa ni mwingine, aanzie kwenye kusoma kwenyewe kabla ya kitu chochote.

Inaweza pia kuwa sio lugha. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, hilo lilisaidia sana watoto kuingia, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado ni mfukoni kwa mama, na mtoto wa kiume wa miaka 15 au 16 aliyefiwa na baba anaona aibu kuomba, anajiambia bora niende nikatafute mwenyewe. Anaanza Jumamosi, anapata hela, Jumapili anaenda tena, wiki inayofuata Jumatatu anabaki. Wengi wanaotokea maeneo ya machimbo ndo wanavyoondoka, hawatoroki shule, wanavutwa taratibu na kazi iliyo karibu kuliko darasa. Na kidato cha pili kuna upimaji wa taifa mwezi wa kumi na moja, anayefeli anarudia, kwahiyo wanaojua hawako vizuri wanakimbia kabla haujafika. Hebu angalia tarehe alizoanza kukosa zinaelekea wapi.

Sasa ile hoja yake ya kwamba waliomaliza fomu foo wote wako mwaloni. Usimkatalie, coz nusu yake ni kweli na yeye anawaona kwa macho yake kila siku. Cheti cha kidato cha nne peke yake siku hizi hakimpi mtu ajira, na aliyepata divisheni ziro hata kile cheti hana. Ukibisha atakuona unamdanganya na hatakusikiliza tena. Ila kuna nusu ya pili ambayo haoni. Wale anaowaona ni wale waliobaki. Waliopita hakuwaona kwasababu wameshaondoka Geita au wako sehemu ambazo yeye haruhusiwi hata kuingia getini. Polisi, magereza, chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi, hata kampuni za ulinzi zilizo nyingi, mlango wa kwanza unauliza cheti cha kidato cha nne. Migodi mikubwa hapohapo mkoani kwenu ikitangaza kazi ya fundi mitambo au dereva wa mashine kubwa inataka cheti cha shule na cheti cha ufundi vyote viwili. Mwajiri akiwa na maombi mia tano mezani hapimi nani ana akili, anaanza kwa kutoa wasio na karatasi. Sio haki, mimi naiona sio haki kabisa, lakini ndo inavyofanyika na mdogo wako ataishi humo.

Na kuna suala la umri ambalo vijana hawaambiwi. Leo mdogo wako ana hela kuliko rafiki yake aliyebaki darasani, hilo ni kweli na ndo linamdanganya. Kazi ya nguvu inamlipa kijana wa miaka 17 sawasawa na inavyomlipa wa miaka 30, halafu baada ya hapo inaanza kushuka maana mgongo unachoka. Kazi yenye ujuzi inaanza na kidogo lakini inapanda kila mwaka unavyozidi kuizoea. Watafiti wa uchumi waliokusanya takwimu za nchi nyingi duniani kwa miaka mingi wanakuta mwaka mmoja wa shule unaongeza kipato cha mtu kwa wastani wa kama asilimia 9 au 10. Ni wastani, sio ahadi kwa kila mtu, ila mdogo wako amebakiza miaka miwili na kitu amalize, hebu fikiria anachokiacha kwa maisha yote ya kufanya kazi. Hata kama hataajiriwa na mtu, maana vijana wengi wa Tanzania watajiajiri au watalima, shule inamfuata hukohuko. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ambayo vijana wametengewa asilimia 4, inataka kikundi chenye katiba, muhtasari, akaunti ya benki na andiko la mradi. Nimeona vikundi vya vijana hodari wa kazi wamekaa nje ya ofisi ya maendeleo ya jamii hakuna hata mmoja anayeweza kuandika hilo andiko, wanamtafuta mtu wa kuwaandikia naye anakula sehemu ya mkopo. Mikataba ya bodaboda hivyohivyo, kijana anasaini kulipa hesabu kila siku mwaka mzima ili pikipiki iwe yake, hajasoma kile kifungu kinachosema akikosa siku kadhaa inachukuliwa, inachukuliwa mwezi wa kumi.

Na mwaloni kwenyewe kuna sababu nyingine zaidi ya shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi hatarishi na uchimbaji madini umetajwa humo. Sikuambii hivyo ili ukamshtaki mtu. Nakuambia kwasababu zebaki wanayoshika kwa mikono na kuichoma kupata dhahabu, mvuke wake ukivutwa unaharibu mishipa ya fahamu na figo, mtu anaanza kutetemeka mikono, anasahau, halali. Vumbi la mawe yanayosagwa linakaa kwenye mapafu na halitoki. Kijana haoni coz inachukua miaka, na akija kuona hakuna wa kumlipa. Hili mwambie wazi, tena mwambie kama mdogo wako unayempenda, sio kama mkosaji.

Haya, kurudi shule. Watu wengi bado wanaamini mtoto akiacha ndo basi, jina limefutwa. Sio hivyo. Mwezi wa kumi na moja 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2, unaruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi kwenye mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Waraka huo ulizungumzwa sana kwa upande wa wasichana waliopata ujauzito, na ilistahili, maana miaka mingi walikuwa wanafukuzwa tu na maisha yao yanaishia hapo, lakini unawahusu na wavulana kama mdogo wako pia. Kwahiyo mama, au wewe kwa idhini ya mama, nendeni kwa mkuu wa shule sasa hivi kabla shule hazijafunga, msisubiri Januari yenyewe. Semeni mnaomba arudi kidato cha pili mwakani. Kama mnataka ahame, na mimi napendekeza ahame kwasababu kurudi ukakae na wadogo mbele ya walimu waliokuita mtoro ni ngumu sana kwa mvulana wa umri huo, ombeni uhamisho na mkuu wa shule atawaelekeza. Mkizungushwa nendeni kwa afisa elimu kata, ikishindikana kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, na mtaje waraka kwa namba yake. Ukitaja namba na mwaka watu wanabadilika namna ya kukusikiliza.

Kurudi sio mwisho lakini, na hapa ndo watu wanapoangukia. Mtoto akirudishwa kwenye darasa lilelile lililomshinda bila kitu chochote kubadilika ataondoka tena mwezi wa tatu, safari hii jumla. Kuanzia sasa hadi Januari mtafutieni mtu wa kumfundisha Kiingereza cha masomo, sio cha salamu, yaani maneno ya baiolojia, ya hesabu, ya jiografia, na amfafanulie kwa Kiswahili kwanza ndipo wahamie Kiingereza. Mwanachuo aliye likizo anatosha, hata kijana aliyemaliza kidato cha sita anasubiri chuo. Saa moja na nusu kila jioni. Vitabu vya kiada TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wameviweka kwenye maktaba yao ya mtandaoni bure, unavisoma hata kwa simu. Shule ikifunguliwa nenda mwenyewe kamwone mwalimu wa malezi au wa ushauri na unasihi, mwachie namba yako, mwombe akikosa siku mbili tu wakupigie. Muhula wa kwanza ndo wa kukaa macho, ukipita salama nafasi yake ya kumaliza inakuwa kubwa.

Na je akigoma? Wapo wanaogoma na sio wakaidi, ni kwamba shule iliwaumiza kiasi kwamba hawawezi tena kukaa kwenye dawati. Usimpige wala usimtishie polisi, atakimbilia machimbo ya mbali Chunya huko na hutamwona. Kwa huyo kuna njia. VETA wanapokea hata waliomaliza darasa la saba, kuna kozi fupi za miezi michache na za muda mrefu zaidi, na maombi ya kuanza Januari huwa yanafunguliwa miezi kadhaa kabla kwahiyo kaulizie chuo kilicho karibu nawe wiki hii. Usivisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanza miaka ya 1970 enzi za Mwalimu, kwa kanda yenu kuna cha Sengerema, watu wanavidharau lakini vinafundisha fani kwa gharama ya chini na vingi vina bweni. Kuna pia mpango wa IPOSA unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 walio nje ya shule, wanachanganya kusoma, stadi za maisha, ujasiriamali na ufundi wa awali, ulizia kwa afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri kama kuna kituo jirani. Chuo binafsi chochote utakachoambiwa, kabla hujatoa hata shilingi hakikisha kimesajiliwa NACTVET (baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi), coz wapo wanaochukua hela za wazazi na cheti chao hakitambuliki popote.

Fani achague yeye ila kwa kuangalia mtaa, sio kwa kuangalia jina. Geita kuna karasha, pampu, jenereta, kompresa, magari ya mizigo, na vyote hivyo vinaharibika kila siku. Uchomeleaji, umeme wa viwandani, ufundi mitambo, magari. Tena yeye ameshaanza kujua karasha inavyofanya kazi, hiyo miezi saba mwaloni isiwe aibu kwake, iwe ndo sababu ya kusomea mitambo. Na akiwa chuoni au gereji asiache QT. Yeye hakufanya upimaji wa kidato cha pili, kwahiyo ili afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea inabidi kwanza apite QT, mtihani wa maarifa wa NECTA, unafanyika mwezi wa kumi na moja na usajili unaanza mwanzoni mwa mwaka. Anaweza kusoma jioni kwenye kituo, mwakani QT, mwaka unaofuata au ule mwingine fomu foo, akiwa na miaka 19 ana fani na cheti mkononi. Vijana wa namna hiyo ndo niliowaona wakishika kazi vizuri kuliko wote, wanawapita hata wenye divisheni nzuri wasio na fani. Na kwa mafundi walioko mtaani miaka mingi bila karatasi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwa unachokijua na kukupa cheti, ila huo ni kwa mtu aliyeshakaa kwenye fani, sio njia ya mkato kwa mtoto wa miaka 16.

Kuna swali moja hukulisema na naomba ujiulize bila kujificha: hela yake ya mwaloni nani anaitumia? Kama ananunua simu na viatu, ni rahisi. Kama ndo inayonunua unga wa mama na madaftari ya wadogo zake, basi kumwambia arudi shule ni kumwambia familia ilale njaa, na atakataa hata kama moyoni anataka. Kaeni mama, wewe na yeye, mhesabu kwa mwezi ni shilingi ngapi hasa, mtafute itatoka wapi. Kama mama yuko TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, mwulize mtendaji wa kijiji kama bado kuna malipo yanayotegemea mahudhurio ya shule ya watoto. Likizo anaweza kukusaidia hata kazi nyepesi pale saluni au shambani. Ila yeye aambiwe kwa mdomo wenu kwamba kuanzia sasa kulisha nyumba sio jukumu lake mpaka amalize. Wavulana waliofiwa na baba wanalibeba hilo bila mtu kuwatuma, na wengi wanasubiri tu mtu mzima awaruhusu kulitua.

Kwa upande wa serikali, sera ya elimu toleo la 2023 inaleta elimu ya lazima ya miaka kumi, msingi miaka sita na sekondari ya chini minne, na mkondo wa amali wa ufundi ndani ya sekondari. Mimi naiunga mkono, mdogo wako angekuwa kwenye mkondo wa amali tangu kidato cha kwanza pengine asingeondoka. Lakini amali bila karakana, bila vifaa na bila mwalimu aliyewahi kushika hiyo kazi itakuwa notisi nyingine za ubaoni, na miaka kumi ya lazima haitamshika mtoto asiyeelewa lugha anayofundishiwa. Karakana na lugha vikiachwa vitoto vyetu vitaendelea kuandikwa watoro.

Anza na madaftari leo. Wiki ijayo mwende kwa mkuu wa shule, mchukue na cheti cha kuzaliwa na matokeo yake ya darasa la saba. Mkizungushwa niandikie mmeambiwa nini na nani kwa cheo chake tu, nitakuelekeza barua iandikwe vipi na ipelekwe ofisi gani.